DAZENI SI LUNDO

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lenyewe, kama maneno yaliyoandikwa ndani yake hayaaminiki, ni karatasi ya kufungia njugu tu.

Nimeamua kuandika juu ya neno dogo ambalo kila mmoja wetu amewahi kulitamka dukani bila kulifikiria mara mbili. Neno lenyewe ni dazeni. Najua kuna watakaoguna, "Ala! Kwani mambo yote ya dunia yamekwisha hata huyu akatuandikia habari za dazeni?" Subirini kidogo, jamani. Kuuliza si ujinga, na neno hili limesafiri mbali kuliko basi la usiku la kutoka Mombasa hadi Busia.

Rai yangu ni moja, nami naitoa mapema ili pasiwe na wa kusema nilimzungusha. Dazeni ni 12, tena 12 ya bidhaa, na yafaa ibaki hivyo. Tusiliache neno hili lilegee mpaka likawa na maana ya "vitu vingi tu", kama lilivyolegea kwa Waingereza waliotupa. Neno la idadi likilegea, kuna mtu anayeumia, na aghalabu mtu huyo ni mnyonge.

Tuanze na asili yake. Sisi tulilitoa "dozen" kwa Waingereza tukalivisha sauti zetu likawa dazeni. Lakini Waingereza nao hawakulizaa. Walilipata kwa Wafaransa. Mwaka wa 1066 watu wa Normandy, ambao walisema Kifaransa, walivuka bahari wakaiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo lugha ya mabwana, ya mahakama na ya watu wenye mali ikawa Kifaransa. Ndiyo maana hata leo ng'ombe akiwa zizini Mwingereza humwita kwa jina la Kiingereza, lakini akishafika mezani nyama yake huitwa "beef", jina lililotoka kwa Wafaransa. Dazeni iliingia kwa mlango huo huo, na kufikia takriban mwaka wa 1300 lilikuwa tayari neno la Kiingereza. Wafaransa walikuwa na neno lao la kumi na mbili, "douze", wakalitia mkia wa kuonyesha kifungu au kikundi, likawa "douzaine". Maana yake hasa ni fungu la vitu kumi na viwili.

Nao Wafaransa walilitoa wapi hilo "douze"? Kwa Warumi wa kale, waliosema Kilatini. Warumi walisema "duodecim". Likate vipande viwili: "duo" ni mbili, na "decem" ni kumi. Kumbe basi! Ndani ya dazeni mmejificha kumi na mbili, sawasawa na sisi tunavyosema kumi na mbili. Mrumi na Mswahili hawakukutana kwenye baraza wakapatana namna ya kuhesabu, lakini wote wawili walifika kumi, wakaona vidole vimekwisha, wakaongeza mbili.

Hata neno la Kiingereza cha asili, "twelve", lina kisa kama hicho. Asili yake ni maneno mawili ya zamani yenye maana ya "mbili zilizobaki", yaani ukishahesabu kumi, zimebaki mbili. Na "eleven" ni "moja iliyobaki". Kwa hiyo Mwingereza ana majina mawili ya idadi moja. La nyumbani lilibaki la kuhesabia, na la mgeni likawa zaidi la kuuzia na kununulia.

Hapo ndipo wale wenzangu wanaopenda Kiswahili kisafi kama maji ya mtungi huniambia, "Basi litupe hilo neno la kigeni! Sema kumi na mbili." Nawajibu hivi: Mgala muue na haki yake umpe. Kama tunatupa kila neno la kigeni, tutaanza na hesabu zetu zenyewe. Sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Ishirini, thelathini, mia na elfu pia. Zamani tisa iliitwa kenda, na wazee wengine bado hulikumbuka neno hilo. Kiswahili hakikufa kwa kukopa. Kilinenepa.

Tena idadi hii ya kumi na mbili tulikuwa tayari tumeikopea jina kabla Mwingereza hajafika na dazeni yake. Waswahili wa zamani walisema edashara kwa kumi na moja, na thenashara kwa kumi na mbili, kutokana na Kiarabu. Usiniambie hulijui. Kama umewahi kuisoma Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version, umekutana na wale Thenashara, wanafunzi kumi na wawili wa Yesu. Na Yuda alipojitenga nao, wenzake hawakukaa kumi na mmoja wakaendelea kujiita Thenashara kwa mazoea. Walimteua Mathiya ili idadi itimie. Ndugu zetu wa madhehebu ya Shia Ithnaasheri, ambao wana misikiti yao Mombasa na Nairobi, jina lao limetoka katika neno lile lile la Kiarabu, kwa sababu wanawafuata Maimamu kumi na wawili. Hapo pia jina ni idadi kamili, si kadirio.

Kwa hivyo Kiswahili kina majina matatu ya idadi moja: kumi na mbili, thenashara na dazeni. Kila moja lina kazi yake. La kwanza ni la hesabu, la pili limekaa zaidi katika dini na lugha ya kale, na la tatu ni la duka. Huo ni utajiri.

Lakini kwa nini kumi na mbili? Kwa nini wafanyabiashara wa dunia hawakuchagua kumi, ilhali vidole ni kumi? Jibu linaonekana ukijaribu kugawa. Chukua madaftari kumi uwagawie watoto watatu: kila mmoja atapata matatu na moja litabaki, na hilo moja ndilo litakaloleta vita nyumbani. Sasa chukua dazeni. Wakiwa wawili, kila mmoja atapata sita. Wakiwa watatu, ni manne manne. Wakiwa wanne, ni matatu matatu. Wakiwa sita, ni mawili mawili. Hakuna aliyelia. Kumi hugawika kwa mbili na kwa tano tu, lakini kumi na mbili hugawika kwa mbili, tatu, nne na sita. Muuzaji anaweza kukuuzia dazeni, nusu dazeni au robo dazeni bila kukata kitu kwa kisu.

Halafu kuna mambo ya kupanga. Vitu kumi na viwili vinakaa vizuri kwenye katoni, safu tatu za vinne vinne au safu mbili za sita sita. Itazame kreti ya soda: chupa 24, yaani dazeni mbili, safu nne za chupa sita. Ukichukua dazeni kumi na mbili unapata 144, na hizo Waingereza waliziita "gross", kutokana na Kifaransa cha "dazeni kubwa". Ukoo wa neno hilo "gross" ndio uliotupa na "grocer", ambaye asili yake alikuwa mtu wa kuuza kwa jumla. Zidisha tena kwa kumi na mbili upate 1,728, hiyo ndiyo "great gross". Mwalimu wa hisabati, natumaini umefurahi.

Kumi na mbili imejificha hata kwenye begi lako. Toa rula yako ya sentimita 30. Upande wa pili kuna inchi 12, ambazo ndizo futi moja. Neno inchi limetoka kwa Warumi, katika "uncia", yaani sehemu moja ya kumi na mbili. Na neno aunsi limetoka papo hapo. Uingereza yenyewe ilikuwa na peni 12 katika kila shilingi mpaka tarehe 15 Februari 1971, walipobadilisha fedha zao. Sisi huku Afrika Mashariki tulikuwa tumewatangulia, maana shilingi yetu ilikuwa na senti 100 tangu miaka ya 1920. Na saa je? Mchana una saa 12 na usiku una saa 12. Mswahili huzihesabu kuanzia macheo, kwa hivyo jua linapokuchwa yeye hufika saa kumi na mbili kamili. Siku ya Mswahili ni dazeni mbili.

Haya, hiyo ndiyo asili yake na sababu yake. Sasa tuje kwenye maana, maana hapa ndipo penye maneno.

Kwa Kiingereza, neno hili limezaa watoto wengi, wengine watiifu na wengine watundu. Mtiifu ni yule wa duka: "a dozen eggs", mayai 12, basi. Kisha kuna misemo. Mtu akipayuka bila kupumua, wao husema anaongea kumi na tisa kwa dazeni, yaani pale ambapo mwingine angesema maneno kumi na mawili, yeye amesema kumi na tisa. (Darasani kwetu nawajua wawili, lakini siwataji.) Mambo mawili yakiwa hayana tofauti, husema hii ni sita na ile ni nusu dazeni. Sisi tungesema ni kurwa na doto. Na kwa Wamarekani, kitu kisicho na thamani ni kile ambacho dazeni nzima huuzwa kwa senti kumi.

Huko huko Marekani, miongoni mwa watu weusi, kuna mchezo wa maneno unaoitwa "the dozens". Vijana wawili husimama wakarushiana kejeli, mara nyingi kuhusu mama ya mwenzake, huku wenzao wakishangilia, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Je, umeshaujua? Huo si mwingine ila ni mchongoano! Bahari ya Atlantiki iko katikati, lakini kicheko ni kimoja.

Mtoto mtundu kuliko wote ni ile dazeni ya mwoka mikate, "baker's dozen", ambayo si 12 bali ni 13. Kisa chake ni kitamu. Mwaka wa 1266, enzi za Mfalme Henry wa Tatu, Uingereza ilikuwa na sheria kuhusu mkate na pombe. Bei ya mkate ilibaki palepale, lakini uzito wake ulifuata bei ya ngano. Ngano ikipanda, mkate ulipungua. (Msicheke. Si ndivyo mandazi yetu yanavyofanya unga ukipanda? Bei ile ile, andazi limekonda.) Tofauti ni kwamba huko uzito uliwekwa na sheria, si na mwoka mikate mwenyewe. Aliyeuza mkate mwepesi kuliko ilivyoamriwa alitozwa faini au kufungwa kwenye nguzo mbele ya watu. Huko London, tapeli wa mikate aliweza kuburutwa barabarani huku ule mkate mbovu umening'inizwa shingoni. Aibu iliyoje! Inasimuliwa kwamba waoka mikate walianza kuongeza mmoja juu ya kila dazeni ili pasitokee upungufu wowote. Wengine husema huo wa kumi na tatu ulikuwa faida ya mchuuzi aliyeuza rejareja. Yote mawili yanatufunza kwamba dazeni ilikuwa ahadi nzito, na kwamba aliyeongeza alijua kwanza kumi na mbili ni ngapi.

Hata sokoni kwetu desturi hiyo tunayo. Ukishanunua nyanya zako, humwambia mama muuzaji, "Mama, niongezee basi." Naye akipenda hukutupia moja juu. Hiyo ni nyongeza, tena ni hisani. Hesabu ilikamilika kwanza, hisani ikafuata. Hakuna aliyedanganywa.

Sasa twende kwenye maana ninayoipinga. Mwingereza akitia "s" mwishoni akasema "dozens", hahesabu tena. Anamaanisha wengi kiasi, labda thelathini, labda themanini. Hilo ni lake, na simlaumu, maana kila lugha ina haki ya kuwa na maneno ya kukadiria. Lakini sisi tunapotafsiri taarifa zake neno kwa neno, tunasikia mambo kama haya: "dazeni za watu wamefariki", "dazeni za familia zimekosa makao". Mie nikisikia hivyo moyo hunipasuka. Dazeni za watu? Kwani watu ni viberiti?

Kwanza, ni Kiswahili kibovu. Katika Kiswahili, dazeni ni kipimo cha bidhaa, na ni 12 kamili. Mtu akikuambia "dazeni za watu", ama amekuambia jambo la uongo, kwamba idadi hiyo inagawika kwa kumi na mbili, ama hajakuambia chochote. Na wala hatuna upungufu wa maneno ya kukadiria. Tunayo makumi, tunayo mamia, tunayo kadhaa, tele, lukuki, chungu nzima, umati na halaiki. "Makumi ya watu wamefariki" inatosha, tena inaeleweka mpaka kijijini kwa nyanya. Anayeacha makumi akakimbilia dazeni ni kama anayeacha kisima uani akaenda kuteka maji ya mtaro.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, sarufi yetu yenyewe ina adabu ambayo dazeni haina. Tazama jinsi kumi na mbili inavyobadilika. Nyumba kumi na mbili. Viti kumi na viwili. Miti kumi na miwili. Madaftari kumi na mawili. Lakini tukifika kwa binadamu tunasema watu kumi na wawili. Ile "wa-" ndogo ni kama kumvulia mtu kofia. Inasema: hawa tunaowahesabu ni watu, si vitu. (Na wewe unayesema "watu kumi na mbili" kila siku, ukapoteza alama kwenye mtihani, shika hili na ulishike vizuri.) Dazeni haibadiliki. Dazeni ya vijiko, dazeni ya soksi, dazeni ya watu, kwake yote ni mamoja. Kwa vijiko haina neno. Kwa watu waliokufa ajalini, ambao kila mmoja ana mama anayelia, ni kosa lenye ukatili ndani yake.

Kuna rafiki yangu aliyenibishia kwenye kikao cha chama. Alisema, "Lugha hukua. Dazeni likipanuka maana, kuna ubaya gani? Waingereza wamelipanua na hawajafa." Hoja yake si ya kupuuzwa. Ni kweli maneno hupanuka. Hata hao Waingereza, zamani neno lao la mia liliweza kuwa 120 kwa bidhaa fulani. Na hadi leo kipimo chao cha "hundredweight", ambacho kwa jina ni uzito wa mia, kwao ni ratili 112 lakini kwa Wamarekani ni 100. Lakini ebu jiulize: nani alifaidika na mkanganyo wa namna hiyo sokoni? Ni mwenye kujua vipimo vyote viwili. Asiyejua alilipa.

Wala hatuhitaji kwenda Uingereza kutafuta mfano. Tunao hapa hapa nyumbani, nao unaitwa gunia. Ukimuuliza mwanafunzi yeyote gunia la mahindi ni kilo ngapi atakuambia 90. Sawa. Na la viazi? Hapo ndipo penye kizungumkuti. Wakulima wa viazi wanaijua lumbesa vizuri. Gunia hujazwa mpaka shingoni, kisha huongezwa kipande cha gunia jingine au cha wavu juu yake, kikashonwa kama kilemba, na ndani ya kilemba hicho vikashindiliwa viazi vingine. Mnunuzi wa kati hulipia gunia moja. Mkulima amelima, amepalilia, amenyunyizia dawa, amevuna, na jasho lake lililomo kwenye kilemba limekwenda bure.

Fanya hesabu pamoja nami. Kanuni za zao la viazi za mwaka wa 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Tuseme mkulima amelazimishwa kujaza kilo 80 na kulipwa kana kwamba ni 50. Katika kila gunia ametoa kilo 30 bure. Akiuza magunia 10, ametoa kilo 300, ambazo ni magunia sita kamili ya kilo 50. Magunia sita! Hiyo ni karo ya mtoto. Na zipo lumbesa zinazopita kilo 100. Sheria ya vipimo na mizani tunayo, kanuni tunazo, na hata hivyo malalamiko bado yanasikika. Kwa nini? Kwa sababu neno gunia limeachwa lilegee. Kila mmoja analitamka na kila mmoja anamaanisha lake, na mwenye nguvu ndiye anayeamua maana.

Angalia tofauti iliyopo kati ya mwoka mikate wa mwaka 1266 na mkulima wetu. Mwoka mikate aliongeza mkate wa kumi na tatu kwa sababu sheria ilimlinda mnyonge, yaani mnunuzi mwenye njaa. Mkulima wetu anaongeza kilemba kwa sababu mnyonge, ambaye ni yeye, hakulindwa. Wote wameongeza, lakini mmoja ameongeza juu ya idadi inayojulikana, na mwingine ameongeza mahali ambapo idadi imefichwa.

Wazee wetu hawakuwa wazembe kuhusu jambo hili. Walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Walikuwa na frasila kwa mizigo mizito. Walikuwa na jozi kwa vitu viwili, na korja kwa vitu ishirini, hasa nguo. Tunaposema haba na haba hujaza kibaba, tunasahau kwamba kibaba kilikuwa chombo cha kweli chenye mdomo, na kikijaa kilijaa. Hakikushonewa kilemba. Leo korja wengi wetu hatulijui kabisa, na pishi tunadhani ni mambo ya kupika tu.

Basi tufanye nini? Mimi si waziri wala mkaguzi wa mizani. Ni mwanafunzi, na silaha yangu ni ulimi na kalamu. Lakini ulimi si silaha ndogo. Tunapoandika insha na taarifa za chama hiki, tuseme makumi ya watu, na tuwaachie vijiko na madaftari dazeni yao. Tukisema dazeni, iwe ni 12, si "kama kumi hivi". Tukitaja gunia, tutaje na kilo zake papo hapo: gunia la kilo 50, gunia la kilo 90. Wengi wetu tuna wazazi wanaouza mazao. Likizo ikifika, mwenye kujua kusoma mizani asimame kando ya mamake siku ya kuuza, aandike kilo kwenye daftari. Elimu ambayo haiwezi kumsaidia mama kuhesabu viazi vyake ni ya kazi gani? Na katika mashindano ya chama, mwaka ujao, tutegeane vitendawili vya thenashara na korja, ili yasije yakazikwa tukiwa hai.

Jambo la mwisho. Kuna watu hudhani kwamba kuwa makini na maneno ni ushamba wa vitabuni, kwamba mtu wa kisasa husema tu alimradi aeleweke. Nakataa katakata. Neno dazeni limetoka Rumi likapita Ufaransa, likavuka bahari hadi Uingereza, likavuka tena hadi Kilindini, kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na ukienda leo kwenye duka la jumla ukasema "nipe dazeni ya kalamu", utapewa 12. Si 11. Wafalme walipita, fedha zilibadilishwa, lugha zikafa, lakini ahadi ile ilitimizwa kila asubuhi na watu wa kawaida waliohesabu kwa uaminifu mbele ya wateja wao. Tusiwe sisi wa kuivunja.

Nakunja jamvi hapa, maana mhariri wetu naye ana kipimo chake, na kurasa alizonipa si za lumbesa. Mwenye masikio na asikie. Wasalaam.